Maji Mengi na Maji Machache

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja, mwenye duka, mbele ya mkutano wa tawi)



Nimetakiwa nizungumze nanyi juu ya kuchafuka kwa maji. Mimi si daktari wala si mhandisi. Ni mtu wa duka. Kwa hiyo nitaanza pale ninapopajua, nako ni kwenye gunia la mchele. Kila mmoja wenu aliyekula pilau sikukuu iliyopita, ama alikula mchele wa Mbeya, ama aliutamani akazuiwa na bei. Mchele ule wa Mbarali hulimwa katika bonde la Usangu, na hauoti kwa mvua peke yake. Huoteshwa kwa maji ya mifereji, na mifereji hunywa kutoka katika mito inayoteremka milima ya Uporoto na Kipengere. Maji yanayobaki hukusanyika katika kinamasi kikubwa kiitwacho Ihefu. Kisha huvuka kizingiti cha mwamba mahali paitwapo Ng'iriama, na hapo ndipo Ruaha Mkuu unapoanza safari yake. Hupita katika hifadhi ya wanyama ya Ruaha, hukutana na Ruaha Mdogo unaotoka upande wa Iringa, huingia bwawa la Mtera, hushuka Kidatu, na mwisho hufuata Rufiji mpaka baharini, mkabala wa Mafia.

Najua yuko atakayesema: "Hayo ni ya bara, sisi yanatuhusu nini?" Naam, maji si jambo la Muungano. Lakini taa hii inayotumulikia usiku huu yatoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, wa kwanza mwaka 1980 na wa pili mwaka 2013. Mtera na Kidatu zimekuwa zikitia umeme katika gridi hiyo kwa miaka mingi, na Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kutoa umeme mwaka 2024, nalo hupokea maji ya Ruaha. Basi tunaula mto ule, na tunauwasha.

Sasa niruhusuni niwarejeshe chuoni. Sote tuliokaa juu ya mkeka mbele ya maalim tulifundishwa mlango wa tohara kabla ya mlango wowote. Tulifundishwa kwamba maji yakiwa machache, chini ya kipimo cha kulatayni, ambacho kwa hesabu ya siku hizi ni kama lita 200 na kitu, najisi ikiyagusa tu yameharibika. Yakifika kipimo hicho au yakizidi, hayaharibiki mpaka ibadilike rangi yake, au ladha yake, au harufu yake. Sheria hiyo ni ya ibada, wala sikusimama hapa kuipima. Ila nakiri kwamba wengi wetu tumeichukua tukaifanya kanuni ya dunia nzima: mto ni maji mengi, kwa hiyo hauchafuki, na maji yakiwa meupe, yasiyo na harufu, ni salama. Nyanda za Juu Kusini zimezivunja dhana hizo zote mbili, moja upande wa mashariki na moja upande wa magharibi.

Upande wa mashariki ni huo wa Ruaha. Huko maji mengi yamefanywa machache. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu ukawa unakatika wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi, jambo ambalo halikuwa dasturi yake. Sababu si fumbo. Nimewaambia kwamba Ng'iriama ni kizingiti cha mwamba. Maji ya Ihefu yakishuka chini ya kizingiti, hakuna tone linalotoka, hata kama kinamasi chenyewe bado kina maji. Mashamba makubwa ya serikali yalifunguliwa Usangu, yakaja na ya watu binafsi, na wakulima wadogo nao wakachimba mifereji yao. Mifereji mingi huachwa wazi hata katika miezi ya ukavu, kwa kuwa walioko njiani huyategemea maji hayo kwa kunywa na kufulia. Na ni maji gani hayo? Ni yale yaliyokwisha kupita mashambani, yakachukua mbolea na dawa za wadudu, yakapita penye mifugo na penye vyoo.

Na mto uliokatika huzaa uchafu wake wenyewe. Viboko hawana pa kwenda. Hujazana katika madimbwi machache yaliyobaki, na mnyama yule hula nchi kavu usiku, akaja kujisaidia majini mchana. Mto ukitiririka, samadi ile ni chakula cha viumbe vya chini na huchukuliwa mbali. Mto ukisimama, hulundikana, maji hugeuka rangi kama chai ya maziwa, hewa ndani yake huisha, na samaki hufa. Wataalamu walioupima mto huo walichapisha matokeo yao mwaka 2018, nao walieleza hivyo hivyo: aliyeharibu si kiboko, maana kiboko alikuwapo tangu zamani, kilichobadilika ni mwendo wa maji. Hapa mwanachuoni yeyote wa mlango wa tohara angetikisa kichwa kukubali.

Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Bwana Frederick Sumaye, aliahidi katika mkutano mjini London kwamba ifikapo mwaka 2010 Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 wafugaji wakaondolewa Usangu pamoja na ng'ombe wao, wengi wakapelekwa mikoa ya kusini. Na mwaka 2008 eneo hilo likatiwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mwaka 2010 ukafika, ukapita. Mwaka 2022 mto ulikauka hifadhini kwa siku zaidi ya 100. Mfugaji alihukumiwa, akahamishwa, na mto ukaendelea kukauka. Mwenye duka akiona mizani yake haikai sawa baada ya kumfukuza mchukuzi, hana budi kuitazama mizani yenyewe.

Ama upande wa magharibi, nilikwenda kwa miguu yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilifuata mchele Mbeya, na gari la mzigo likachelewa. Mwenyeji wangu akanichukua Chunya kumtembelea nduguye anayehangaika na dhahabu. Machimbo ya Lupa huko ni ya zamani, tangu miaka ya 1920 wakati wa Mwingereza. Nikaona mawe yakisagwa kwenye karasha, unga ukioshwa kwenye mwalo, na kijana mmoja akimimina kutoka katika kichupa kidogo kitu cheupe king'aacho, kizito, kinachokimbia kama kina roho. Hiyo ndiyo zebaki. Huishika dhahabu, ikawa donge. Donge likakamuliwa kwenye kitambaa, likawekwa juu ya mkaa, moshi ukapaa, dhahabu ikabaki. Jiko lile lile, nawaapieni, ndilo lililotupikia uji asubuhi yake. Nikauliza kama haidhuru. Nikajibiwa: "Haina harufu, mzee."

Hilo ndilo jibu lililonileta mbele yenu. Zebaki haibadilishi rangi, wala ladha, wala harufu. Kwa kila gramu ya dhahabu huenda gramu moja ya zebaki au zaidi. Nyingine hupaa na kuingia mapafuni, nyingine hubaki katika mchanga uliooshwa, ambao wao huuita marudio. Siku hizi marudio hayo hununuliwa tena na kuchenjuliwa kwa sayanidi, nayo ni sumu ya aina yake. Mvua ikinyesha, vijito huchukua kilichobaki. Ndani ya tope vijidudu visivyoonekana huigeuza zebaki ikawa ya namna mbaya zaidi, inayoingia katika mwili wa samaki. Samaki mdogo anayo kidogo. Mkubwa anayemla mdogo anayo nyingi. Na mla samaki ndiye wa mwisho katika mstari. Mikono hutetemeka, kumbukumbu hupotea, na mama mjamzito huipitisha kwa mtoto tumboni hali yeye mwenyewe hana dalili.

Hapa ipo tofauti kubwa na Ruaha. Maji ya Chunya hayaendi Rufiji. Huelekea bonde la Ziwa Rukwa, na Rukwa haina mto utokao. Kinachoingia humo na hakipai na jua, humo humo kinabaki. Ni maji mengi kupita kulatayni maelfu kwa maelfu, na wingi wake hauiondoi zebaki.

Japani walijua hayo kwa machozi. Katika mji wa Minamata kiwanda kilimwaga zebaki baharini, na mwaka 1956 maradhi yakatambuliwa rasmi. Kabla ya watu, paka walioramba mabaki ya samaki walikuwa wakirukaruka kama wana wazimu. Kutokana na mji huo ulipewa jina mkataba wa mataifa wa mwaka 2013 juu ya zebaki, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Lakini mkataba haukai kwenye karai la mchimbaji. Mtu asiyekuwa na chombo kingine cha kuikamata dhahabu atanunua kichupa, kwa mlango wa mbele au wa nyuma, na lawama yangu haimwangukii yeye kwanza.

Wateja wangu waliosikia habari hizi huniuliza: "Je, mchele wako una sumu?" Nawajibu kwa haki: mpunga wa Mbarali uko upande wa Usangu, na machimbo ya Chunya yako upande wa Rukwa, mabonde mawili, mito mbalimbali. Sitamtia mtu hofu nisiyo na dalili yake, wala sitapunguza bei kwa sababu hiyo.

Na sisi wa visiwa tusijione wasafi. Maji yetu yamo chini ya mawe ya matumbawe yenye matundu kama sifongo. Shimo la choo na kisima huzungumza bila ya sisi kusikia, na kipindupindu kilichotufika mwaka 1978 kimerudi mara nyingi tangu hapo, nacho vile vile hakiitii maji rangi.

Ndugu Mwenyekiti, chama kisichoshika serikali hakifungi mfereji wala hakifungui. Kinaweza kuuliza. Nimeandika barua mbili. Moja ni ya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, iliyoko Iringa, kuuliza ni kiasi gani cha maji kinachoachwa kivuke Ng'iriama kila mwezi wa kiangazi, na nani anayekipima. Ya pili ni ya Bodi ya Bonde la Ziwa Rukwa, iliyoko Mbeya, kuuliza samaki wa Rukwa walipimwa zebaki lini mara ya mwisho, na matokeo yamebandikwa wapi ili mvuvi ayasome. Nakala tutawapelekea Wabunge wetu walioko Dodoma. Barua ziko mezani kwa Katibu, na kalamu nimeifunga uzi.