Mnyama Huyu Yuko Sagalla Pekee

(Maelezo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwenye baraza la wakazi wa Sagalla)



Wengi wenu mmewahi kuliona jambo hili. Unalima karibu na migomba, jembe linafukua kiumbe mrefu wa kahawia, hana miguu, macho huyaoni. Mtoto anapiga kelele, "Nyoka!" na jembe linamaliza kazi. Huyo si nyoka, wala si nyungunyungu. Ni jamaa ya chura, na hana madhara kwa mtu. Wanasayansi walimtambulisha rasmi kuwa spishi mpya mwaka 2005, na hadi leo hajulikani popote duniani ila kwenye mlima huu.

Kule Dabida yuko binamu yake, mweusi wa kibuluu. Mama wa huyo hulisha watoto wake kwa ngozi ya mwili wake. Ngozi ya juu hujaa mafuta, watoto huibandua kwa vimeno vyao, kisha inaota nyingine. Habari hiyo ilipochapishwa mwaka 2006 ilishangaza dunia, nasi tulikuwa tukiikanyaga kila siku tukienda shambani.

Binamu hawa walitenganaje? Tazameni chini, upande wa Voi. Kule ni kukavu, na mnyama anayehitaji udongo wenye unyevu hawezi kukuvuka. Zamani sana, nyakati za mvua nyingi, misitu ilienea zaidi. Hali ya hewa ilipokauka, unyevu ukabaki milimani tu, kila mlima kama kisiwa. Waliobaki Sagalla wakazaana wao kwa wao, wa Dabida vilevile. Mabadiliko madogo yakarithiwa, kizazi baada ya kizazi, kwa muda mrefu sana, hadi wakawa spishi mbili.

Lakini kutengwa huko ndiko kunakomweka hatarini. Ndovu wa Tsavo akikosa maji huhama, na kwa kawaida hupitia mashambani kwenu, hilo mnalijua kuliko mimi. Huyu hana pa kuhamia. Udongo wa Sagalla ukikauka wote, hakuna wenzake mlima mwingine watakaokuja kujaza nafasi yake. Spishi hutoweka hivyo, shamba moja baada ya jingine, bila mtu kutambua siku ya mwisho.

Kinachokausha udongo tunakifahamu. Mikaratusi iliyopandwa kandokando ya vijito hunywa maji mengi, na mmomonyoko hubeba udongo laini anaoishi ndani yake. Sisemi mikaratusi ni ya wajinga. Nyumbani kwetu pia tunayo, na nguzo zake zimelipa karo. Hatuwezi kumwambia mtu akate mti wake wote leo ale nini kesho.

Tunaloomba ni kuanzia kwenye maji. Unapovuna mikaratusi iliyo kando ya kijito, usiiache ichipue tena. Weka miti ya kienyeji au migomba. Acha majani yaozee shambani badala ya kuyachoma, tumia samadi, tengeneza matuta. Kumbe hata kijito chenyewe kitakushukuru wakati wa kiangazi. Na jembe likimfukua, mfunike kwa udongo uendelee na kazi.

Mwenye swali kuhusu miche abaki, maafisa wa kilimo na wa misitu wako hapa chini ya mwembe.