Mzigo Kwanza: Kuvuka Chilkoot kwa Miguu na Kuteremka Mto Yukon kwa Kasia



Wengi wetu ukumbini humu tunaongoza wageni milimani, na tumezoea safari yenye wapagazi, mpishi na hema ambalo mgeni hulikuta limeshasimama. Mada yangu inahusu likizo ya namna nyingine: mgeni anavuka milima ya pwani ya Alaska kwa miguu, kisha anateremka Mto Yukon, kaskazini-magharibi mwa Kanada, kwa mtumbwi, na kila kitu anakibeba mwenyewe. Hoja yangu ni moja. Katika safari ya kujibebea, usalama huamuliwa kabla ya kuondoka, pale shanta inapofungwa na siku zinapopangwa.

1. Njia ya wabebaji

Njia ya Chilkoot ina urefu wa kilomita 53, kutoka Dyea, karibu na mji wa Skagway, hadi Ziwa Bennett. Kabla ya habari za dhahabu ya Klondike, Watlingit, wenyeji wa pwani hiyo, walikuwa wakiitumia kwa biashara: mafuta ya samaki yalipanda kutoka pwani, ngozi za wanyama zikashuka kutoka bara, na hakuna aliyepita bila ridhaa yao. Wageni walipoanza kuja, wenyeji wakawa wabebaji wa kulipwa. Mwaka 1887 mpima ardhi William Ogilvie aliandika kwamba Keish, mwenyeji wa jamii ya Watagish ambaye Wazungu walimwita Skookum Jim, alivusha kilo 70 hivi za nyama ya nguruwe kwa mkupuo mmoja. Sisi tunaosimamia kikomo cha kilo 20 kwa mpagazi wa Kilimanjaro tunajua mzigo huo unamaanisha nini mgongoni mwa binadamu.

Agosti 1896 Keish huyo huyo alikuwa katika kundi lililopata dhahabu karibu na Mto Klondike, na mwaka uliofuata watu wakaanza kumiminika. Polisi wa Kanada waliokaa kileleni mwa njia walimdai kila mtu chakula cha mwaka mzima, kwa sababu Dawson, mji wa wachimbaji, ulikuwa na njaa. Ukijumlisha na vifaa, mzigo ulikaribia tani moja. Mtu alipanda mteremko ule ule mara ishirini, thelathini au zaidi, kwenye ngazi zilizochongwa katika barafu. Tarehe 3 Aprili 1898 theluji iliporomoka na kuua watu zaidi ya 60. Wabebaji wenyeji walikuwa wamekataa kupanda siku hiyo; walikuwa wameisoma hali ya theluji. Naomba kila mwongozaji alikumbuke hili pale mgeni aliyelipa fedha nyingi anapomshinikiza asonge mbele.

2. Siku za mlimani

Leo njia hutembewa kwa siku tatu hadi tano, kwa kibali, na wanaoruhusiwa kuvuka kileleni ni 50 tu kwa siku. Mafuriko yamewahi kuharibu sehemu ya upande wa Alaska, kwa hiyo hali ya njia iulizwe kabla ya kukata tiketi. Siku ngumu ni ya kutoka kambi ya Sheep Camp hadi kileleni: mnapanda zaidi ya mita 700, sehemu ya mwisho ikiwa mawe makubwa yanayohitaji mikono, na theluji huweza kuwepo hata Julai. Ondokeni alfajiri. Chakula chote, pamoja na dawa ya meno, kilale kwenye masanduku ya chuma yaliyowekwa kambini kwa sababu ya dubu. Kwa maoni yangu shanta isizidi robo ya uzito wa mwili, na nguo moja kavu ifungwe isipate maji, isiguswe mpaka kambini.

3. Siku za mtoni

Sehemu ya mtumbwi inaanzia mji wa Whitehorse; kutoka hapo hadi Dawson ni kilomita 700 na zaidi. Kwanza lipo Ziwa Laberge, lenye urefu wa kilomita 50 hivi, ambako upepo huinua mawimbi kwa muda mfupi; ambaaeni na ukingo hata kama njia inarefuka. Baada ya hapo mkondo wenyewe unawabeba. Kwenye maporomoko ya Five Finger, miamba inaugawa mto katika mikondo mitano, na wapiga kasia hupita ule wa kulia. Mbele zaidi Mto White unaingiza matope laini yanayotokana na barafu na majivu ya volkano, na mnasikia yakisugua tumbo la mtumbwi kama mchanga unaomiminwa.

Hatari kubwa ni baridi ya maji. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba ameieleza kwa hesabu rahisi: dakika moja ya kudhibiti pumzi, dakika kumi kabla vidole havijaacha kutii, na takribani saa moja kabla ya kupoteza fahamu. Anayezama mara nyingi huzama katika zile dakika za mwanzo, wala hafi kwa kuganda. Jaketi la kuokolea lililowekwa chini ya kiti halivaliki ndani ya maji hayo. Livaliwe na kufungwa tangu ufukweni.

Kuna pia mtego wa mwanga. Mwezi Juni jua la Dawson huzama baada ya saa sita usiku, na kundi hujikuta likipiga kasia mpaka mikono inachoka bila mtu kuona kuwa siku imekwisha. Saa ya kupiga kambi ipangwe asubuhi, ifuatwe kwa saa ya mkononi.

4. Wenye mto

Mwaka 2024 Alaska na Kanada zilikubaliana kusitisha kwa miaka saba uvuvi wa samoni aina ya Chinook katika Mto Yukon, kwa kuwa wamepungua mno. Jamii zilizoishi kwa samaki huyo, wakiwemo Tr'ondëk Hwëch'in wa Dawson, zinabeba sehemu nzito ya uamuzi huo. Mgeni asipange chakula chake kwa kutegemea ndoana. Napendekeza basi kwamba orodha ya chakula ya kila mtu ikaguliwe mezani, siku kwa siku, na atakayeandika "samaki tutavua" arudishwe dukani.