Maji ya robine na bido zetu

Ndugu wanachama, na nyinyi wafadhili wetu, tuliorudi toka Nyarugusu tunauliza kila siku: maji ya robine hapa Uvira yanafaa kunywa? Kolera tunaijua.

Basi tulipima klore. Kwenye robine tulitia dawa, maji yakageuka rangi ya rozi: klore iko. Jioni, kwenye bido ya nyumbani, hayakugeuka kitu. Klore imekwisha, mkono ukiingia na kikombe, uchafu hauna wa kuuzuia. Ile harufu munayolalamikia ndiyo ulinzi wenyewe!

Tena, maji yakikatika, bomba lenye nyufa linavuta maji machafu ya udongoni. Yakirudi, muyaache yatiririke kwanza, halafu muyachemshe mpaka yatokote. Na bido, mama zetu, mchanga peke yake hautoshi. Sabuni.