Ruzuku ya tabianchi: maneno ya katibu kwenye mkutano wa tawi

Haya ndiyo tuliyosema Jumamosi. Tunayatuma kwa waliokuwa baharini au kazini.

Pesa za FLLoCA zipo. Ni mpango wa Serikali ya Kitaifa ulioidhinishwa 2021 kwa fedha za Benki ya Dunia na wahisani wengine. Kaunti hutakiwa iwe na sheria ya hazina ya tabianchi na itenge angalau asilimia 1.5 ya bajeti ya maendeleo. Lakini mradi gani ufanywe huanzia kwenye kamati ya wadi na baraza la wananchi, na hapo ndipo tunapoteleza.

Baraza lililopita tulifika wanne. Wenzetu wa upande wa bara walijaa, wakaomba bwawa la mifugo, wakaandikiwa. Hatuwalaumu, ukame wanaujua wao. Lakini bamvua linaingia nyumba za ufuoni, visima vimeingia chumvi, mama karanga wanahamisha jiko kila kusi, na hakuna aliyelisema. Halikuandikwa, kwa hivyo halina bajeti.

La pili litawaudhi baadhi yenu. Tumeletewa jina ili tawi limsukume mtu wetu kwenye kamati ya wadi kwa sababu alitufanyia kampeni. Tumekataa kutia sahihi. Viti vile ni vya wananchi, wakiwemo wanawake, vijana na walemavu. Si shukrani za uchaguzi. Tena kaunti hupimwa kila mwaka kabla ya kupewa ruzuku ya miradi. Tukiivuruga kamati, wadi nzima itaumia.

Ukuta wa bahari kila mtu anautaka, nasi pia. Ila ni ghali, na ukiishia njiani mawimbi humla jirani. Kwanza tuombe mikoko ipandwe upya na kisima kichimbwe juu ya kijiji. Wenzetu wa Gazi wanauza kaboni ya mikoko yao, na pesa zimelipia maji na shule. Ile ni biashara, si ruzuku, lakini mnaona mkoko una thamani ukiwa umesimama.

Baraza lijalo ni Alhamisi saa nne asubuhi, ofisi ya chifu. Mwenye picha za maji ya bamvua azilete zikiwa na tarehe. Mama karanga wawili ndio watakaozungumza, si sisi. Nauli yao imetoka mfuko wa tawi, risiti tunazo.

Katibu wa Tawi