Mwenzetu Akisha Kurudisha Taa na Bendera
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi)



Sisi watu wa njia tumepewa nafasi leo kusema juu ya wenzetu walioacha kazi. Katika mikutano hii twasema sana habari za mshahara, za zamu na za nyumba. Habari ya mtu aliyekwisha kurudisha taa na bendera hatuisemi, kana kwamba siku ile alikufa. Naye hakufa. Yuko nyumbani, na wengine wao hali yao si njema hata kidogo.

Zamani mtumishi wa umma aliondoka akiwa na miaka 55, na tangu mwaka 2009 ni 60. Lakini wako wengi wasiofika huko. Mwaka 2006, reli ilipokodishwa kwa kampuni, watu walipunguzwa kazini wangali na nguvu. Baadhi yetu tulikuwa watoto wa landi wakati ule na tuliona vyombo vikitolewa nje. Mtu wa miaka arobaini na mitano akiachishwa, mwajiri mwingine amwona mzee, lakini mwalimu mkuu adaiye karo amwona kijana.

Tuseme kwanza habari ya kurudi nyumbani, kwa maana hapo ndipo taabu inapoanzia. Mtu wa reli huhamishwa: leo Voi, kesho Makindu, baadaye Nakuru au Kisumu. Mama watoto yuko shamba. Kwa miaka ishirini na mitano baba huja kwa likizo tu, naye akija huchinjiwa kuku. Sasa amekuja na sanduku lake lote. Juma la kwanza kuku yuko. Baada ya hapo anaona kwamba nyumba ilikwisha kupangwa bila yeye. Mama ndiye ajuaye ng'ombe yupi ana mimba, jirani yupi anadaiwa, na mpaka wa shamba umepita wapi. Baba akitoa amri kama nyapara wa gangi, watoto hutazamana. Hatumlaumu mama, kwani yeye ndiye aliyeishika nyumba ile isianguke. Wala hatumlaumu baba. Hakuna aliyewafundisha wawili hawa kukaa pamoja mwezi mzima.

Tena mwili wake haujui kwamba kazi imekwisha. Saa kumi za alfajiri yu macho. Avaa viatu, aketi kitandani, na hakuna gari la kupokea. Jina lake nalo limebaki stesheni. Huko aliitwa gadi, au fundi, au dereva, na hapa kijijini ni mzee fulani tu.

Juu ya fedha tutasema kidogo, maana mambo haya mwayajua. Aliye katika mpango wa pensheni huruhusiwa kuchukua hata theluthi moja kwa pamoja, na iliyobaki hupewa mwezi kwa mwezi. Aliye katika mfuko wa akiba aweza kuchukua yote mara moja, na siku hiyo hiyo jamaa wote huwa na shida. Ikinunuliwa matatu kuukuu, mwaka hauishi imekwisha lala juu ya mawe. Jambo moja wengi hulisahau: kazini, tangu Oktoba 2024, asilimia 2.75 ya mshahara hukatwa kwa ajili ya bima ya afya. Ukiacha kazi hakuna wa kukukatia. Lazima ulipe mwenyewe, tena ya mwaka mzima kwa pamoja. Asiyelipa huja kujua siku ya kulazwa.

Basi mtu huyu akianza kukosa usingizi, akakataa chakula, akaacha kuoga, akakasirikia kila mtu au akashinda kilabuni, watu husema amerogwa au ni mvivu. Madaktari wana jina lake: sonona. Ni ugonjwa, kama malaria ilivyo ugonjwa. Hali ile ikizidi majuma mawili, yafaa apelekwe hospitali. Msingoje aseme kwamba moyo wauma, kwani mwanamume wa reli hasemi hivyo. Atasema mgongo, au kichwa. Matibabu yapo, ya mazungumzo na ya dawa, na dawa hizo huchukua majuma kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake, kwa hivi asiziache siku ya tatu. Watu wetu wakisikia ugonjwa wa akili hufikiri Mathari peke yake, iliyofunguliwa mwaka 1910, nao huogopa. Siku hizi hospitali nyingi za kaunti zina watu wa kazi hiyo.

Na mwenzetu akisema afadhali afe, muulizeni waziwazi kama ana nia ya kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo. Msimwache peke yake, ondoeni kamba na dawa za shamba, mkampeleke kwa daktari. Zamani jamaa walificha mambo haya kwa hofu ya polisi, kwa sababu kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho chapingana na Katiba.

Ndugu Mwenyekiti, twaomba tawi lifanye hivi. Mtu akibakiza mwaka mmoja, katibu aanze kufuata karatasi zake pamoja naye, na mama watoto aitwe azione hesabu kwa macho yake. Akisha ondoka, watu wawili wa zamu yake wamtembelee kila mwezi kwa miezi sita ya kwanza, na nauli yao itoke katika mfuko wa tawi. Twajua mweka hazina atakuna kichwa. Mfuko huo hununua mashada ya maua kila mwaka, nasi twaona nauli ya kumwona mtu aliye hai ni bora zaidi.

Daftari limewekwa mezani karibu na mlango. Kila mmoja wetu aandike mzee mmoja amjuaye, kijiji chake, na stesheni aliyoachia kazi.