Mwombaji na Chuo Anachokiomba



Katika vyuo vingi vya binafsi vya Marekani, alama nzuri peke yake hazimtoshi mwombaji. Chuo hutaka pia kujua kama kijana huyo, akipewa nafasi, atakwenda kweli. Sababu yake ni ya hesabu. Kijana mmoja aweza kuomba vyuo kumi, ilhali atasoma katika kimoja tu. Na ifikapo tarehe 1 Mei, ambayo kwa kawaida ndiyo siku ya mwisho ya kujibu, chuo kilichokisia vibaya hubaki na vitanda vitupu na upungufu wa ada. Ndiyo maana baadhi ya vyuo huweka kumbukumbu ya nani alikizuru chuo, nani alihudhuria mkutano wake, hata nani aliifungua barua-pepe aliyotumiwa.

Hapo ndipo tabaka linapojitokeza. Mtoto wa tajiri hupanda ndege na baba yake, akazuru vyuo sita katika likizo moja. Mtoto wa mfanyakazi wa dukani, ambaye siku ya Jumamosi naye yuko kazini, hawezi. Nani kati yao mwenye shauku zaidi? Daftari la chuo halijui. Aidha, upo utaratibu wa kuomba mapema, mara nyingi kabla ya katikati ya Novemba, kwa ahadi ya kujiunga akikubaliwa. Na anayeahidi hivyo hukosa nafasi ya kulinganisha misaada ya fedha ya vyuo mbalimbali. Yafaa isemwe kwa haki kwamba si vyuo vyote vyenye mtindo huo. MIT, kwa mfano, haihesabu ziara.

Kijana wa Tabora au Mtwara anayeomba huko hana nauli ya ziara. Alicho nacho ni ile insha fupi ya kueleza kwa nini anakitaka chuo hicho, na wengi huiharibu. Husifu majengo na umaarufu. Ukibadilisha jina la chuo, insha ile ile yaweza kupelekwa kwingine. Anayetaka kusomea elimu ya udongo hana budi kuisoma orodha ya masomo ya chuo, kujua walimu wa idara hiyo wanatafiti nini, kisha kuuliza swali moja ambalo jibu lake halimo katika maandishi ya chuo. Kumwandikia ofisa wa chuo kila wiki kwa salamu tupu ni usumbufu, naye hulitambua hilo upesi.

Kazi hiyo ya kusoma humfaa kwanza mwombaji mwenyewe. Huenda akagundua, kabla ya kulipa ada ya maombi, kwamba chuo alichokuwa akikililia hakifundishi elimu ya udongo hata kidogo.