Katupwa Kakonko: Daktari, Kijiji na Mlango wa Chuo



Daktari kijana akipangiwa Muhimbili au Bugando, hupongezwa. Akipangiwa Kakonko, mkoani Kigoma, nduguze husema "katupwa". Bosi naye akitaka kumtisha mtumishi mkaidi humwambia atampeleka porini. Mwanafunzi wetu huyasikia maneno hayo tangu mwaka wa kwanza. Kisha mwaka wa tano tunamgawia dodoso, tumuulize kama yuko tayari kwenda kijijini!

Wengi hujaza ndiyo, na siwatilii shaka. Ila mmoja alinirudishia karatasi pamoja na swali: "Prof, usiku mama anahitaji kupasuliwa, damu hakuna, mtu wa usingizi yuko likizo. Nifanyeje?" Sikuwa na jibu la kumpa pale pale. Nia alikuwa nayo. Alichokosa ni uhakika wa vifaa, mwenzake wa kushauriana naye, nyumba isiyovuja na shule ya wanawe. Mshahara aliutaja mwisho kabisa.

Kwa Sensa ya 2022 Watanzania tuko milioni 61.7, karibu theluthi mbili wakiishi vijijini. Nani amekuwa akiwatibu? Kwa miongo mingi, upasuaji wa uzazi wilayani umebebwa na madaktari wasaidizi, kada tuliyoanza kuifundisha mwaka 1963. Hawa hawakuteremshwa kutoka mjini. Kila mmoja alikuwa tabibu kwanza, akakaa na watu, akazoea njia za masika, ndipo akarudi darasani. Tukawaita wasaidizi, sijui walikuwa wakimsaidia nani, maana mara nyingi daktari mwenyewe hakuwepo.

Wajapani walianza kutafuta daktari wa kijijini siku ya udahili. Chuo cha Udaktari cha Jichi, kilichoanzishwa 1972, huchukua wanafunzi wawili watatu kutoka kila mkoa, hubeba ada yao, nao huutumikia mkoa wao miaka 9. Walio wengi mno hutimiza mkataba, na wengi hubaki hata deni likiisha. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani nalo likashauri vyuo vidahili vijana wa vijijini na vijengwe nje ya miji mikubwa. Sisi tuna Ifakara, ambako udaktari unafundishwa katikati ya Bonde la Kilombero.

Najua nitaambiwa habari ya alama. Lakini C ya kemia ya mtoto wa shule ya kata, aliyekariri majaribio bila kuona maabara, ni nzito kuliko mizani yetu inavyoonyesha. Akisaidiwa mwaka wa kwanza, atawafikia wenzake.

Kamati ya udahili inakutana mwezi ujao. Naiomba itenge nafasi 10 tu za kuanzia kwa vijana wa vijijini, na iandike majina ya wilaya kabla ya majina ya wanafunzi.